Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Jiji Liendelee Kutoa Hela za Tabianchi au Liache?

Haya maswali yanarudi kila msimu wa bajeti, yaleyale, yamevaa nguo nyingine tu. Nimeyaweka pamoja ili tusianze kubishana kila mwaka kutoka sifuri. Msimamo wangu nautaja mapema msije mkasema nimewaficha: jiji liendelee kutoa hela, ila ziende kwenye kazi ambazo ni za jiji lenyewe, na zitengwe pia za kutunza baada ya utepe kukatwa. Kuna vitu mi mwenyewe ningevifuta kesho asubuhi, vipo swali la 9.

## Kwanza tuelewane

1. Hivi "hela za tabianchi" za jiji ni hela za nini hasa?

Watu wakisikia tabianchi wanawaza mikutano ya kimataifa, suti na tiketi za ndege. Ukifungua vitabu vya jiji unakuta vitu vya kawaida mno: kuzibua mitaro, kupanda miti ya barabarani na kuimwagilia, kubadilisha taa za barabarani ziwe za LED, kuzuia dampo lisiwake moto, njia za mabasi, kupaka paa la zahanati rangi nyeupe, ujumbe wa tahadhari unaofika kwenye simu kabla ya wiki ya joto kali.

Vyote hivyo vinaingia kwenye mafungu mawili. La kwanza ni kupunguza gesi joto zinazotoka jijini, yaani gesi zinazopasha dunia joto kama hewa ukaa, la pili ni kujiandaa na mvua, joto na ukame ambavyo tayari tunavyo. Shika hilo vizuri, maana nusu ya ugomvi wa mada hii ni watu wawili wanaoongelea mafungu tofauti huku kila mmoja akidhani mwenzake haelewi.

2. Sasa jiji moja litabadilisha hali ya hewa ya dunia?

Halitabadilisha. Tusidanganyane hapo.

Ila kuna mawili. Kwanza, jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa, IPCC, lilikadiria kwamba mwaka 2020 miji kwa ujumla wake ilibeba kati ya asilimia 67 na 72 ya gesi joto duniani, ukihesabu na vitu vinavyotengenezwa kwingine vikaja kutumika mjini. Kwa hiyo ukiitoa miji kwenye hesabu umeacha nje sehemu kubwa ya tatizo. Pili, hoja ya "sisi ni tone tu baharini" inahusu fungu la kwanza peke yake. Mtaro ukizibuliwa, nyumba inayopona ni ya hapohapo mtaani, hata kama dunia nzima imelala usingizi.

3. Hii si kazi ya serikali kuu?

Sehemu ni yake kweli. Mitambo ya umeme wa taifa, kodi ya mafuta, utabiri wa hali ya hewa, hivyo jiji halina ubavu navyo na likijifanya linavyo litachekesha watu. Lakini nani anatoa kibali cha kujenga bondeni? Nani anazoa taka? Nani anaamua barabara mpya iwe na mtaro wa upana gani? Hakuna ofisa wa wizara atakayeamka alfajiri kuja kuchungulia kalavati la mtaa wenu.

Halafu sera za juu huwa zinageuka. Marekani ilitangaza kujitoa kwenye Mkataba wa Paris, ule wa nchi za dunia kuhusu tabianchi, mwaka 2017, ikarudi 2021, ikatangaza kujitoa tena Januari 2025. Miji yake iliyokuwa na chanzo chake cha hela haikulazimika kuyumba nayo. Portland wapiga kura walipitisha mwaka 2018 kwamba wauzaji wakubwa, wale wenye mauzo ya zaidi ya dola bilioni 1 nchi nzima, walipe asilimia 1 ya mauzo yao ya pale jijini, na hela hiyo ina kazi yake maalumu. Rais akibadilika, tozo iko palepale.

## Mambo ya hela

4. Hizi hela zinarudi kweli?

Nyingine zinarudi mkononi kabisa. Los Angeles walianza mwaka 2009 kubadilisha taa za barabarani, kama 140,000 hivi kwenye awamu ya kwanza, na umeme wa taa hizo ukashuka kwa zaidi ya nusu. Taa ya LED pia inakaa muda mrefu, so lile gari lenye ngazi linapanda nguzo mara chache. Mradi wa aina hii hata usipoupa jina la tabianchi mhasibu ataupitisha.

Nyingine zinarudi kama hasara ambayo haikutokea, na hapa ndo ugomvi ulipo. Tarehe 2 Julai 2011 Copenhagen ilipigwa na mvua ya zaidi ya milimita 100 ndani ya saa chache, vyumba vya chini vya majengo vikajaa, barabara zikawa mito, hasara ikakaribia dola bilioni 1. Mwaka uliofuata jiji likapitisha mpango wa mvua kubwa wenye miradi kama 300 ya kujengwa kwa miaka mingi: viwanja vya wazi vinavyoweza kubeba maji kwa muda, mitaa iliyoinamishwa ili maji yaende panapotakiwa, mahandaki chini ya ardhi. Tatizo la hela ya namna hii ni kwamba hasara isiyotokea haina risiti. Diwani hawezi kusimama jukwaani na kusema "oneni nyumba hii haikuzama." Akizibua mtaro na mvua ikapita salama watu wanasema mvua ilikuwa ndogo.

Na nyingine hazirudi. Nazo zipo swali la 9.

5. Si bora zipelekwe shule, hospitali na barabara?

Hili ndo swali zito kuliko yote, na anayelidharau hajawahi kukaa kwenye wodi iliyojaa.

Jibu langu ni kwamba hela za tabianchi zikitumika vizuri huwezi kuzitofautisha na hela za shule, hospitali na barabara. Chukua barabara. Katazame lami mpya iliyowekwa bila mtaro wa maana baada ya msimu mmoja wa mvua, usiangalie katikati, angalia pembeni. Maji yanakosa pa kwenda, yanasimama, yanaingia chini ya lami, kokoto za chini zinalegea, ukingo unaanza kumegeka vipande vya ukubwa wa sahani, gari zinakwepa zinahamia katikati, msimu wa pili shimo limefika kwenye mstari mweupe. Hapo hela ya mtaro haikuokolewa, imelipwa mara mbili kupitia lami.

Hospitali ni vilevile. Joto kali linajaza wodi kabla halijajaza magazeti. Ulaya mwaka 2003 joto la kiangazi liliua watu karibu 70,000, wengi wao wazee waliokuwa peke yao ndani ya nyumba, na hiyo ni Ulaya yenye hospitali za kila aina. Gharama ya kumwonya mzee na kumpa sehemu yenye kivuli na maji huwezi kuilinganisha na gharama ya kitanda.

Kuna sehemu ambayo mwuliza swali ana haki kabisa: kama fungu la tabianchi linalipia warsha huku shule haina choo, basi lifutwe, choo kijengwe.

6. Jiji lenyewe halina hela. Zitatoka wapi?

Njia zipo kadhaa na kila moja ina mwiba wake. Hati fungani za kijani ni mkopo ambao hela yake imefungwa kwenye miradi ya mazingira. Gothenburg ilikuwa mji wa kwanza kutoa yake mwaka 2013, Johannesburg ikafuata 2014, Cape Town 2017, na mamlaka ya maji ya Tanga ilitoa ya kwake mwaka 2024 kwa ajili ya miundombinu ya maji. Mwiba wake ni kwamba mkopo ni mkopo, unalipwa na riba, kwa hiyo unafaa kujenga kitu kitakachoingiza au kuokoa hela na haufai hata kidogo kulipia fagio na mafuta ya gari la taka.

Tozo nayo ni njia. Stockholm walijaribu kutoza magari yanayoingia katikati ya jiji mwaka 2006, kwa miezi saba tu. Kabla ya jaribio watu wengi hawakuitaka, kelele zilikuwa nyingi, magari yakapungua kwa karibu asilimia 20, wakapiga kura, na 2007 ikawa ya kudumu. Nawapenda kwa jambo moja, walikubali watu waonje kwanza ndo waulizwe.

Na chanzo kingine hakina jina la kizungu: hela ambayo tayari ipo. Matengenezo ya barabara, taka, mipango miji. Kasma, yaani vifungu vya bajeti, ni zile zile, ila mchoro unabadilika.

7. Si wafadhili wanalipia? Kwa nini jiji liweke za kwake?

Kwa sababu mfadhili analipia kujenga, kutunza hapendi. Kutunza hakuna picha.

Nitatoa mfano wa mti maana ndo ninaoujua kwa karibu. Siku ya kupanda kuna hotuba, kofia, fulana, miche mia kadhaa inaingia ardhini kabla ya saa tano. Mche wa barabarani unahitaji maji kama miaka miwili au mitatu hivi mpaka mizizi ishuke. Yaani kuna mtu inabidi aje na dumu, mara moja au mbili kwa wiki kiangazi chote, angalie kama ule uzio wa fito bado upo au mbuzi kaupitia, afunge upya kamba iliyoanza kukata ganda la mti. Mtu huyo hayupo kwenye andiko la mradi. Mradi umeisha Juni, kiangazi kimeanza Julai. Ukipita Oktoba unakuta vijiti vikavu vimesimama kwenye mstari ulionyooka vizuri kabisa.

Sasa jiji likiweka hela yake hata ndogo, iwe ya yule mtu wa dumu.

## Inafanya kazi au ni ripoti tu?

8. Kuna mji wowote ulioonyesha matokeo?

Ipo. Mfano ninaoupenda ni Ahmedabad, India, kwa sababu walichofanya hakikuwa cha kifahari. Mei 2010 joto lilifika nyuzi 46.8 na vifo vya mwezi huo vikazidi vya kawaida kwa zaidi ya 1,300. Mwaka 2013 jiji likazindua mpango wa joto, wa kwanza Asia Kusini: rangi za tahadhari zinazoeleweka na kila mtu, wahudumu wa afya kufundishwa kumtambua mtu aliyezidiwa na joto (wengi wanadhani ni malaria au uchovu), sehemu za kunywa maji, bustani kuachwa wazi, baadaye paa za nyumba za hali ya chini kupakwa chokaa nyeupe. Utafiti uliochapishwa 2018 ulikadiria kwamba mpango ulizuia vifo zaidi ya 1,100 kwa mwaka kwa wastani. Ni makadirio, sawa, lakini hata ukiyakata katikati ni watu wengi kwa ndoo ya chokaa na ujumbe wa simu.

Medellín, Colombia, kuanzia 2016 walitengeneza njia za kijani kama 30 kandokando ya barabara na mifereji, na joto kwenye maeneo hayo likaripotiwa kushuka kwa nyuzi kama 2. Wanaotunza ni wakazi waliofundishwa ubustani na kuajiriwa na jiji. Rudi swali la 7, wao yule mtu wa dumu walimwandika kwenye bajeti.

Freetown, Sierra Leone, nao wana akili. Walijiwekea lengo la miti milioni 1, mji ambao Agosti 2017 ulipoteza zaidi ya watu 1,000 kwenye maporomoko ya udongo, kwa hiyo hapo hakuna anayeuliza mti ni wa nini. Kila mche unasajiliwa kwenye simu, mkazi anarudi baadaye kuupiga picha kuonyesha bado uko hai, na analipwa. Malipo yanafuata uhai wa mti. Hilo wazo moja ningelipeleka kila jiji.

9. Na zilizofeli? Mbona hamzitaji?

Nazitaja. Copenhagen hiyohiyo niliyoisifia ilikuwa imejipa lengo la kufuta kabisa hewa ukaa yake ifikapo 2025. Mwaka 2022 ikakiri kwamba haitafika, sababu kubwa ikiwa mtambo wa kunasa hewa ukaa kwenye kiwanda chao cha kuchoma taka haukupata ufadhili waliotegemea. Ona tofauti: lengo lililotegemea hela ya mtu mwingine lilianguka, mitaro waliyojilipia inaendelea kuchimbwa.

Kufeli kwingine ni kwa kimyakimya zaidi. Mkakati wa kurasa 140 wenye picha nzuri ambao haujaunganishwa na kasma yoyote. Warsha ya kuandaa warsha. Kupima gesi joto za jiji mara tatu kwa washauri watatu huku hakuna kilichobadilika kati ya kipimo na kipimo. Bustani ya mfano iliyopo mbele ya ofisi ya jiji. Safari za "kujifunza" ambazo anayesafiri ni yule yule kila mwaka. Hivyo ndivyo vitu ambavyo mi ningevifuta, na wala nisingeita kufuta huko "kukata bajeti ya tabianchi."

10. Mkazi wa kawaida atajuaje hela inatumika vizuri?

Oslo tangu bajeti ya 2017 wanaweka bajeti ya hewa ukaa ndani ya bajeti ya fedha, kitabu kimoja, kila idara inaandikiwa ipunguze kiasi gani na nani anawajibika. Hakuna ofisi ya pembeni ya kusingizia.

Kama jiji lenu halijafika huko, uliza vitu vidogo. Usiulize "mmepanda miti mingapi," uliza iliyopandwa mwaka juzi iko hai mingapi. Usiulize mtaro una urefu gani, uliza mara ya mwisho ulizibuliwa lini, na omba kuona ratiba. Jibu likianza na "tuko kwenye mchakato" ushapata jibu lako.

## Nani anafaidika

11. Si zinaishia mitaa ya matajiri?

Zikiachwa zijiendee, ndiyo. Mitaa yenye nafasi ndo yenye pa kupanda miti, na wenye sauti ndo wanaojua namba ya kupiga. Kuna na mtego wa pili: mtaa wa hali ya chini ukiwekewa bustani na mto ukasafishwa, kodi ya nyumba inapanda na mpangaji uliyetaka kumsaidia anahama. Sina dawa kamili ya hilo. Ninachoona kinapunguza makali ni kuanza na vitu visivyopandisha bei ya ardhi haraka, kama mitaro, paa na vituo vya maji, na kuajiri watu wa mtaa huohuo. Durban wana mpango ambapo manispaa inalipa vikundi vya ushirika vya wakazi kusafisha vijito vinavyopita mtaani kwao, kila kikundi na kipande chake. Anayesafisha ndo atakayezama kikiziba, usimamizi gani utashinda huo?

12. Zinaleta ajira?

Za kutunza zinaleta, na zinabaki. Za kujenga zinakuja na mkandarasi na kuondoka naye. Mengine angalia la 8 na la 11.

13. Kuhamisha watu mabondeni nayo ni hatua ya tabianchi?

Inaweza kuwa, ikiwa wanaohamishwa wamelipwa, wamepewa sehemu yenye usafiri wa kwenda kwenye shughuli zao, na bonde limefanywa kitu ambacho hakuna atakayerudi kujenga juu yake. Kubomoa usiku halafu bonde lileeee miaka mitatu baadaye lina ghorofa la mtu mwingine, hapo neno tabianchi limetumika kama tingatinga tu. Jiji lisilo tayari kulipa fidia libaki kwenye tahadhari za mapema na mitaro kwanza.

## Kesi ngumu

14. Mji wetu unatoa gesi kidogo mno. Kwa nini tulipie makosa ya wengine?

Msilipie. Kweli kabisa. Mji wa aina hiyo uweke karibu kila kitu kwenye fungu la pili, kujiandaa, na kwenye kupunguza gesi ufanye yale tu yanayojilipa yenyewe au yanayoondoa kero iliyopo. Dampo ni mfano: mabaki ya chakula yakioza yamefukiwa bila hewa yanatoa methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 20 inapasha joto zaidi ya mara 80 ya hewa ukaa ya uzito uleule, na hiyohiyo ndo inayofanya dampo liwake moto na kuwakohoza watoto wa jirani. Ukitenganisha taka za jikoni zikawa mboji umepunguza gesi, moto, nzi na safari za lori kwa pamoja.

15. Wakazi wakibana maji na umeme, jiji si litakosa mapato?

Litakosa, na hili watu wa mazingira huwa wanalipita haraka. Cape Town ilipokaribia kuishiwa maji mwaka 2018 wakazi waliambiwa wasizidi lita 50 kwa mtu kwa siku, na jiji zima likashusha matumizi kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na miaka michache nyuma. Mafanikio makubwa, ila maji ambayo hayajauzwa hayaingizi kitu wakati mabomba na mafundi wanataka hela ileile. Jiji likalazimika kuongeza malipo ya kudumu ya kila mwezi, na wananchi wakahisi wameadhibiwa kwa utii wao. Umeme wa jua ni hivyohivyo, wenye uwezo wanapunguza bili, mzigo unabaki kwa wasio na paneli. Kwa hiyo kabla jiji halijahamasisha kubana, lipange upya namna ya kutoza, na liwaambie watu mapema.

16. Bajeti imekatwa mwaka huu. Kipi kiguswe mwisho?

Kuzibua mitaro na tahadhari za mapema. Kabla ya hapo kumwagilia miti ambayo tayari iko ardhini, maana ukiacha mwaka mmoja umetupa miaka iliyopita pia. Miradi mipya isubiri. Mikakati mipya isubiri zaidi.

Niliwahi kukaa kwenye kikao cha bajeti ambapo kasma nzima iliyoandikwa "tabianchi" ilifutwa kwa dakika chache, makofi yakapigwa, na hakuna aliyegundua mpaka miezi minne baadaye kwamba mafuta ya gari la kunyonya mitaro yalikuwa yamewekwa humo. Tangu siku ile nashauri kazi za msingi ziandikwe kwa majina yake chini ya idara zake. Mtaro uitwe mtaro.

17. Miaka mitano sasa hakujawa na mafuriko. Bado tuendelee?

Nenda kwanza kamwulize msimamizi wa mitaro miaka hiyo mitano ilikuwaje. Kama mvua zilikuwa ndogo, hamjajua bado. Kama zilikuwa kubwa zikapita, basi mwombe akuonyeshe alichotoa kwenye kile kichujio cha chuma cha pale maji yanapoingia kalavatini: chupa, mifuko, kipande cha godoro, tairi, matope yaliyoshikana mpaka yanahitaji sururu. Wanayapakia kwenye lori kila baada ya mvua kubwa. Mwambie akupe idadi ya malori ya msimu uliopita, hiyo namba mpelekee diwani wako kabla ya kikao.